Shule na Makazi: Wahamiaji wa Kiingereza na Elimu ya Watoto Wao Nchini Marekani

Mzazi anayehama Uingereza kwenda Marekani hukuta kwamba hawezi kuchagua shule ya mtoto kabla ya kuchagua mahali pa kuishi, kwa sababu katika sehemu kubwa ya Marekani shule ya umma anayostahili mtoto huamuliwa na anwani ya nyumba yao, na sehemu kubwa ya fedha za kuiendesha shule hiyo hutokana na kodi inayotozwa nyumba na ardhi za eneo lilelile. Wageni wengi huudhani utaratibu huu kuwa zao la karne ya 20, lakini mizizi yake imezama zaidi ya hapo, na walioipanda walikuwa wenyewe wahamiaji kutoka Uingereza, watu waliovuka Bahari ya Atlantiki pamoja na watoto wao na ambao, miaka michache tu baada ya kutua, walilazimika kuamua nani atawafundisha watoto hao na kwa fedha za nani.

Kundi lililoacha alama kubwa kuliko yote ni la Wapuritani, yaani Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe na kila desturi waliyoiona kuwa mabaki ya Ukatoliki, na ambao kuanzia mwaka 1630 walihamia kwa maelfu katika koloni la Massachusetts. Hawakuwa watu wasio na elimu. Miongoni mwao walikuwamo wahitimu wengi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, hasa wa Chuo cha Emmanuel, na wachungaji waliokuwa wamezoea kuona katika miji yao shule ya grama, yaani shule iliyofundisha Kilatini na Kigiriki na kuwaandaa wavulana kwa masomo ya chuo kikuu. Mmoja wa wachungaji hao, John Cotton, alikuwa kasisi wa mji wa Boston ulioko Lincolnshire kabla ya kuwasili mwaka 1633 katika mji mpya uliokuwa umepewa jina hilohilo. Na miaka miwili tu baadaye, Aprili 1635, wakazi wa Boston mpya walikubaliana katika mkutano wa mji kumwomba Philemon Pormort awe mwalimu wa watoto wao, na kwa uamuzi huo ikazaliwa shule ya Boston Latin, ambayo ingali ikifundisha hadi leo na ambayo ni shule ya umma yenye umri mkubwa kuliko zote nchini humo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya koloni, chombo kilichofanya pia kazi ya bunge, ilitenga fedha za kuanzisha chuo, na chuo hicho kikapewa jina la John Harvard, mzaliwa wa Southwark, London, aliyefariki mwaka 1638 muda mfupi baada ya kuhamia na kukiachia nusu ya mali yake pamoja na vitabu vyake vipatavyo 400.

Hata hivyo, jambo lililobadilisha historia halikuwa shule hizo mbili, kwa sababu shule na vyuo vya hisani vilikuwa vingi Uingereza, bali lilikuwa sheria. Mwaka 1642 koloni lilipitisha sheria iliyowatwika wazazi na waajiri wa watoto wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto anaweza kusoma na kuelewa misingi ya dini na sheria za nchi, na mwaka 1647 likaenda mbali zaidi kwa kuuagiza kila mji wenye kaya 50 kumweka mwalimu wa kusoma na kuandika, na kila mji wenye kaya 100 kuanzisha shule ya grama, mji ulioshindwa kutimiza wajibu huo wa pili ukitozwa faini ya pauni tano. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kidini, yaani hofu kwamba Shetani angewaweka watu mbali na Maandiko ikiwa hawangejua kusoma, lakini matokeo yake yalikuwa ya kiutawala. Kwa mara ya kwanza watu waliozaliwa chini ya mfalme wa Uingereza waliamriwa kwa sheria kwamba shule ni mzigo wa mji, kama zilivyokuwa barabara na ulinzi, na kwamba mji huo ndio utakaoamua umlipe vipi mwalimu. Hapo ndipo ilipowekwa kanuni ya kufungamanisha shule na mahali, kanuni iliyokuwa ya haki kwa kiasi kikubwa wakati ule, kwa kuwa miji ilikuwa midogo na tofauti ya mali kati ya mji na mji haikuwa pana, lakini ambayo haikuwa na kinga yoyote dhidi ya siku ambayo miji mingine ingetajirika na mingine kufukarika.

Kusini zaidi, katika koloni la Virginia, wahamiaji waliotoka nchi ileile na kuongea lugha ileile walifanya uamuzi tofauti kabisa. Kilimo cha tumbaku kiliwatawanya katika mashamba makubwa yaliyotenganishwa na mito na misitu, watumwa kutoka Afrika wakafanywa nguzo ya uchumi, na mji wa kuibeba shule haukuwepo. Mwenye shamba tajiri alimwajiri mwalimu wa nyumbani au alimrudisha mwanawe Uingereza. Mkulima wa kawaida alibahatika ikiwa palikuwa na shule ya hisani karibu, na mtumwa hakuhesabiwa kabisa. Ndugu wawili wakubwa wa George Washington kwa baba, Lawrence na Augustine, walipelekwa kusoma katika shule ya grama ya Appleby, kaskazini mwa Uingereza, na huenda George naye angewafuata kama baba yao asingefariki mwaka 1743, George akiwa na umri wa miaka 11. Richard Henry Lee, ambaye mwaka 1776 ndiye aliyewasilisha hoja ya kutangaza uhuru wa makoloni, alikuwa mwanafunzi wa Wakefield, Yorkshire. Tofauti hiyo kati ya Massachusetts na Virginia iliishi muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe: Massachusetts ilikuwa jimbo la kwanza kuwalazimisha watoto kwenda shule, mwaka 1852, na jimbo la mwisho kufanya hivyo lilikuwa la Kusini, Mississippi, mwaka 1918.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wahamiaji wa aina nyingine walianza kuwasili kwa wingi: wafumaji wa Lancashire waliokwenda katika viwanda vya pamba vya Fall River, wachimba migodi wa Cornwall waliokwenda Michigan na baadaye California, mafundi wa vyuma, wakulima waliopoteza ardhi. Watu hao walitoka katika nchi ambayo dola ilikuwa haijatoa fedha za elimu ya maskini hadi mwaka 1833, Bunge lilipotoa kwa mara ya kwanza pauni 20,000 kuzisaidia jumuiya za kidini zilizoendesha shule, na ambayo haikuwa na mfumo wa kitaifa wa shule za msingi hadi sheria ya mwaka 1870, wala haikumlazimisha kila mtoto kusoma hadi mwaka 1880, wala haikufuta ada kwa walio wengi hadi mwaka 1891. Massachusetts, kwa upande wake, ilikuwa imeanza mwaka 1827 kuitaka miji mikubwa ianzishe shule za sekondari zisizotoza ada, na mwaka 1837 ikamteua Horace Mann kuwa katibu wa bodi yake ya elimu, mtu aliyetumia miaka 12 kuwashawishi walipa kodi kwamba shule ya pamoja, ambamo mtoto wa tajiri na wa kibarua wangekaa benchi moja, ndiyo ulinzi wa jamhuri. Mfumaji aliyehama Lancashire katika miaka ya 1850 aliweza kwa hiyo kumpatia mwanawe bure kile ambacho nduguye aliyebaki nyuma angekingojea karibu miaka 40 zaidi, ingawa si haki kusahau kwamba njaa ya ujira iliwasukuma watoto wengi wa wafumaji hao viwandani kabla ya darasani, na kwamba sheria ya 1852 yenyewe ilidai wiki 12 tu za masomo kwa mwaka.

Mgogoro mkali zaidi wa karne hiyo ulihusu dini, na uliwagusa hasa raia wa Uingereza waliotoka Ireland, ambayo tangu mwaka 1801 ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Muungano. Shule za pamoja zilijitangaza kuwa hazina dhehebu, lakini zilisoma Biblia ya tafsiri ya Mfalme James, ambayo Wakatoliki hawakuitambua, na baadhi ya vitabu vyake vya historia viliwadhihaki mapapa. Askofu John Hughes wa New York, mwenyewe mhamiaji kutoka Ireland, aliomba kuanzia mwaka 1840 kwamba shule za Wakatoliki zipewe sehemu ya fedha za umma. Jimbo likajibu mwaka 1842 kwa kuunda bodi ya elimu ya kuchaguliwa na kupiga marufuku fedha za umma kwenda katika shule zinazofundisha dini ya dhehebu lolote. Miaka miwili baadaye ugomvi wa Biblia za shuleni ulisaidia kuwasha ghasia za Philadelphia, ambamo makanisa ya Wakatoliki yalichomwa moto na watu wakauawa. Kanisa Katoliki likajenga shule zake kwa michango ya waumini, na mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Baltimore mwaka 1884 ukaiagiza kila parokia iwe na shule. Oregon ilipojaribu mwaka 1922 kuwalazimisha karibu watoto wote kusoma katika shule za umma pekee, Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha sheria hiyo mwaka 1925 na kuithibitisha haki ya mzazi ya kuchagua shule isiyo ya umma, ingawa gharama zake zilibaki juu yake.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 1870 iliziacha shule za makanisa zikiendelea kupokea ruzuku, sheria ya mwaka 1902 ikaziingiza katika bajeti ya serikali za mitaa, na leo karibu theluthi moja ya shule zinazogharamiwa na serikali huko Uingereza zina mwelekeo wa kidini. Ndiyo maana familia ya Wakatoliki au ya Waanglikana iliyokuwa ikisomesha bure katika shule ya kanisa huko Manchester au Leeds hushtuka inapotua Chicago na kudaiwa ada katika shule ya imani ileile. Na familia inayompeleka kwa furaha binti yao katika shule ya umma ya Marekani hukuta kwamba sala za asubuhi, ambazo sheria ya mwaka 1944 ilizifanya kuwa lazima katika shule za Uingereza, zimezuiwa kikatiba nchini Marekani tangu hukumu za mwaka 1962 na 1963.

Matajiri hawakuwa na tatizo la aina hiyo, kwa kuwa walinunua shule popote walipokuwa. Endicott Peabody, Mmarekani aliyesoma Cheltenham na Cambridge, alianzisha mwaka 1884 shule ya bweni ya Groton huko Massachusetts kwa kufuata mfano wa shule za bweni za Kiingereza, na shule za namna hiyo zimeendelea kuwa daraja jepesi kwa familia chache zinazomudu ada zake.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliwavusha watoto wa Kiingereza bila wazazi wao. Katika kiangazi cha mwaka 1940, hofu ya uvamizi wa Wajerumani ilipopanda, zaidi ya watoto mia moja wa walimu wa Chuo Kikuu cha Oxford walipokelewa na familia za Chuo Kikuu cha Yale, na wengine wakatawanyika katika majimbo mengi, hadi kuzamishwa kwa meli ya City of Benares, iliyokuwa ikielekea Kanada tarehe 17 Septemba 1940 na ambamo watoto 77 waliosafirishwa na mpango wa serikali walikufa, kulipouzima mpango huo. Miongoni mwa waliofika salama Marekani alikuwamo Shirley Catlin, binti wa mwandishi Vera Brittain, aliyesoma kwa takribani miaka mitatu katika mji wa St. Paul, Minnesota, na ambaye baadaye, kwa jina la Shirley Williams, alikuwa waziri wa elimu wa Uingereza kuanzia mwaka 1976 hadi 1979 na mtetezi mkubwa wa shule za sekondari zisizowachuja watoto kwa mtihani.

Mchujo huo ndio uliofanya uhamaji wa baada ya vita uwe na uzito wa pekee. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliwapa watoto wote wa Uingereza na Wales sekondari bila ada, lakini katika maeneo mengi ilifuatiwa na mtihani wa umri wa miaka 11, ambao uliwapeleka takribani mmoja kati ya wanne au watano katika shule za grama na waliobaki, kwa wingi wao, katika shule ambazo mara chache zilifungua mlango wa chuo kikuu. Ilikuwa hukumu nzito kwa mtoto mdogo, na haikuwa ya haki, kwa sababu nafasi za shule za grama zilitofautiana sana kati ya wilaya na wilaya. Wahandisi, madaktari na wanasayansi waliohamia Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, wimbi lililoitia serikali ya London wasiwasi mkubwa, waliwapeleka watoto wao katika nchi isiyokuwa na mtihani wa aina hiyo, ambako shule moja ya sekondari iliwapokea watoto wote wa mtaa. Mwaka 1965 serikali ya Uingereza iliwaomba watawala wa mitaa waandae mipango ya kuachana na mchujo, na leo zimebaki shule za grama za umma 163 tu huko Uingereza, nyingi zikiwa katika maeneo machache kama Kent na Buckinghamshire.

Lakini Marekani ilikuwa na mchujo wake, uliofichwa katika ramani. Kitengo kinachosimamia shule za umma huitwa wilaya ya shule, ambacho kwa kawaida huwa na bodi yake ya kuchaguliwa na mamlaka ya kutoza kodi ya majengo. Zilikuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1930, na baada ya kuunganishwa zimebaki takribani 13,000. Wahamiaji weupe wenye taaluma walielekea katika vitongoji vipya vilivyozunguka majiji, na vitongoji hivyo havikujengwa bila ubaguzi: kuanzia miaka ya 1930 vyombo vya serikali ya shirikisho viliipaka mitaa ya watu weusi rangi ya hatari katika ramani za mikopo, na Levittown, kitongoji mashuhuri kilichoanza kujengwa mwaka 1947 katika jimbo la New York, kiliwazuia watu weusi kwa masharti ya mkataba. Mahakama ya Juu ilipoharamisha mwaka 1954 shule zilizotenganishwa kwa rangi, mipaka ya wilaya za shule ilibaki, na hukumu mbili zilizofuata ziliiimarisha. Ya kwanza ni ya mwaka 1973, iliyotokana na mashtaka ya wazazi wa Edgewood, wilaya maskini ya San Antonio, Texas, ambayo kwa kodi ya kiwango cha juu zaidi ilipata fedha kidogo kwa kila mtoto kuliko jirani yake tajiri wa Alamo Heights; majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba katiba ya shirikisho haiikatazi tofauti hiyo. Ya pili, ya mwaka 1974 kuhusu Detroit, iliamua kwa idadi hiyohiyo ya kura kwamba wilaya za vitongoji haziwezi kulazimishwa kushiriki katika kuchanganya watoto wa jiji ikiwa hazikuthibitika kuwa na kosa.

Hapa ndipo mzazi wa Kiingereza hukosea kwa urahisi zaidi, kwa sababu uzoefu wake wa nyumbani humdanganya. Bei za nyumba hupanda karibu na shule nzuri za Uingereza pia, lakini sheria ya mwaka 1980 ilimpa mzazi haki ya kutaja shule anayoipendelea, na hukumu ya mwaka 1989 iliyohusu Greenwich ilizikataza halmashauri kumnyima mtoto nafasi kwa sababu tu anaishi upande wa pili wa mpaka wao. Marekani mpaka huo kwa kawaida ni ukuta. Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alifungwa gerezani kwa siku tisa kwa sababu ya kuwasomesha binti zake katika wilaya jirani kwa kutumia anwani ya babu yao, adhabu ambayo haifai kutolewa popote kwa mzazi ambaye kosa lake ni kuitafuta shule bora. Shule za mkataba, yaani shule za umma zinazoendeshwa na kundi binafsi kwa makubaliano na mamlaka na ambazo kwa kawaida hugawa nafasi kwa bahati nasibu, zilibuniwa kwa kiasi fulani kulivunja fungamano hilo la shule na anwani. Sheria ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ilifunguliwa St. Paul mwaka 1992. Bado zinachukua sehemu ndogo tu ya wanafunzi.

Historia imeacha pia masharti madogo yanayomsubiri mhamiaji mlangoni. Uraia hauulizwi, kwa kuwa hukumu ya mwaka 1982 iliwapa watoto wote wakaao nchini haki ya shule ya umma bila kujali hati za uhamiaji. Kinachoulizwa ni mkataba wa pango au bili ya umeme. Huulizwa pia cheti cha chanjo, desturi iliyoanzia Massachusetts mwaka 1855 kwa ajili ya ndui, na ambayo huwatatiza Waingereza kwa sababu nchini mwao chanjo haijawahi kuwa sharti la shule na ile ya tetekuwanga kwa miongo mingi haikutolewa kwa kila mtoto. Mtoto wa Kiingereza huanza shule akiwa na miaka minne au mitano na wa Marekani huanza darasa la kwanza akiwa na sita, hivyo mwaka wake mmoja wa masomo huonekana kupotea, ingawa mara nyingi hurudishwa katika darasa la umri wake bila madhara. Ugumu wa kweli uko katika umri wa miaka 15 na 16. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye mitihani yake ya kidato cha nne na cha sita imetokana na utaratibu wa Kiingereza, ataielewa hofu ya mzazi anayemhamisha mtoto mwaka mmoja kabla ya mtihani wa GCSE, mtihani wa umri wa miaka 16, na kumpeleka katika nchi isiyo na mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambako mwanafunzi hukusanya alama za kila somo kwa miaka minne na cheti hutolewa kwa jumla ya alama hizo. Familia iliyo katika hali hiyo hufanya vyema kuhama mapema au kungoja mtihani upite.

Baadhi ya majimbo yamejaribu tangu miaka ya 1970 kusawazisha fedha kati ya wilaya kupitia hazina zao na mahakama zao wenyewe, na mchango wa serikali ya shirikisho umebaki takribani sehemu ya kumi ya gharama zote. Hatua hizo zinastahili kuungwa mkono na kupanuliwa, kwa sababu mhamiaji mwenye mshahara mnono hujichagulia wilaya, ilhali mpangaji maskini, awe mzaliwa au mgeni, huchaguliwa na kodi ya pango anayoimudu. Hukumu ya mwaka 1973 kuhusu Edgewood haijatenguliwa hadi leo.